Picha ya Ngosi Isiyokuwa na Ukungu

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni, na kijiji kizima kilijua kwamba ng'ombe yule ni mwizi. Hakuwa mwizi wa kujificha. Alikwenda mchana kweupe, polepole, kama mtu anayekwenda kanisani, anaingia kwenye migomba ya watu na kuchagua. Siku moja jirani yetu akaja na jani la mgomba lililotafunwa, amelishika juu kama bendera. Baba alikuwa ameketi anachonga mpini. Ng'ombe wetu tangu asubuhi alikuwa nyuma ya nyumba, ana homa, nimemfunga mimi mwenyewe, na baba alijua. Lakini aliinuka, akakunja magoti kidogo, akasema, "Tumekosa, ndugu yangu. Keti." Akaagiza maziwa ya mgando. Jirani akanywa, akafuta midomo. Wakazungumza habari za mvua, wakazungumza habari za mtoto wa fulani aliyekwenda migodini akasahau kwao, na mwisho kabisa ndipo baba akasema, "Sasa twende tukamtazame huyo mwizi." Wakamkuta amelala na homa yake. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Ng'ombe aliyekula migomba yake alikuwa wa kwake mwenyewe.

Nilimuuliza baba kwa nini alikubali kosa ambalo si letu. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanavaa suruali. "Mtu akija na hasira unamvua mlangoni, kama koti lililolowa," akasema. "Kosa ni la nani, hilo mnalitafuta mkiwa mmekaa."

Nyinyi vijana mtasema mzee amepotea kabla hajatoka uani. Subirini. Maneno yangu yana kona kama barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, na waliotaka kuinyoosha ile barabara tuliwatoa bondeni.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Shule niliishia darasa la nne, kwa kuwa mwalimu na mimi hatukuelewana juu ya jedwali la saba. Nikachuma chai, mgongo ukakataa, nikaenda Tukuyu mjini kufagia studio ya Mzee Sanga, Mkinga mfupi ambaye hakuwahi kucheka mbele ya mteja. Alisema mteja akimwona fundi anacheka atadhani ana kitu puani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha picha za nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza. Dawa ikiwa ya baridi picha inachelewa kutoka, na kwetu dawa ni ya baridi mwaka mzima, kwa hiyo beseni la dawa tulilikalisha ndani ya karai la maji ya moto, yale yale ambayo baadaye tulipikia chai. Alinifundisha kumwambia mtu ashushe pumzi kabla sijabonyeza. Anayevuta pumzi anainua mabega, anatoka kama mtu aliyekamatwa na mgambo.

Na alikuwa na kopo la biskuti. Humo alitunza filamu zote, zimekatwa vipandevipande na kufungwa kwenye karatasi za daftari. Siku moja alikuja mama mmoja mjane, akataka apewe filamu ya picha ya marehemu mumewe. "Sura ni ya mume wangu," akasema, "basi na hiyo filamu ni yangu." Sanga akamjibu taratibu, "Mama, sura ni ya mumeo, Mungu amrehemu. Karatasi uliyolipia ni yako, kaifungie kabatini. Lakini filamu ni ya mtu aliyeshika kamera. Ukitaka nakala nyingine utarudi kwangu, na mimi nitakupa." Yule mama akaondoka ananuna. Mimi niliona ni ubahili tu. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba mzee alikuwa akinifundisha sheria.

Halafu mambo yakafunguliwa. Nyinyi mliozaliwa maduka yamejaa hamwezi kujua. Jana filamu ilikuwa adimu kama sabuni, leo iko dukani karibu na mitumba, na tena ya rangi. Kila mtu akataka rangi. Nami nikajenga studio yangu nyuma ya duka la viatu, nikatundika pazia la manjano kwa sababu lilikuwa rahisi na mke wangu alisema linapendeza. Picha za paspoti za msimu mzima zilitoka za manjano. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Igogwe alizikusanya kwa wagonjwa wake, akaja nazo, akanipangia mezani. "Fundi," akasema, "kwa macho yangu watu wako wote wana homa ya manjano. Nikulazie nani kwanza?" Nikashusha pazia siku hiyo hiyo, mke wangu akalishonea foronya.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Miaka ile mashamba ya chai yalipokuwa yakiuzwa na wafanyakazi kupunguzwa, wapo waliorudi nyumbani kulala na wapo waliotafuta njia. Mzee Mwaisaka alikuwa wa hawa wa pili. Kazini alikuwa karani wa mizani, mtu wa mwandiko ulionyooka kama matuta, na aliposimamishwa hakukaa wiki mbili za majonzi. Alikusanya wenzake pale Isongole, wakaunda kikundi cha kuwapeleka wageni kutazama Ziwa Ngosi, yeye akiwa mwenyekiti. Mnalijua. Unapanda msituni, unapita mianzi, matope yanakuvua viatu, halafu unafika ukingoni na ziwa liko chini kabisa kwenye tumbo la mlima. Yaani liko, ukibahatika. Mara nyingi unakuta ukungu.

Mimi waliniita niwe mpiga picha wao. Nilipanda na wageni, nikawapiga pale ukingoni. Wengi wao nina picha zao wamesimama mbele ya ukungu wanatabasamu, nadhani huko kwao jamaa zao wanafikiri walisimama mbele ya shuka.

Kijana aliyetutengenezea tovuti aliitwa Ipyana. Alikuwa na mashine tatu za kompyuta katika chumba cha kupanga pale Tukuyu mjini. Mashine hizo alisaidiwa na mjomba wake, na watu walikuwa wanamwendea kuandikiwa barua za kazi, kutumiwa barua pepe kwa watoto walio nje, kuchapiwa kadi za harusi. Mpole, mwenye kusikiliza. Aliniita tata, kama tunavyomwita baba, na alikuwa akiniuliza mambo ya mwanga na kivuli ambayo hata watoto wangu hawakuniuliza. Kazi ya tovuti aliifanya bure. Alisema wageni wakija wengi watapita kwake kutuma barua, na hiyo inamtosha.

Siku ya kuchagua picha tulikaa kikundi kizima nyumbani kwa Mwaisaka. Nikatoa picha yangu iliyo bora kuliko zote. Mwaisaka akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Fundi, umepiga blanketi?"

"Ni Ngosi, mwenyekiti."

"Ngosi liko wapi?"

"Liko nyuma ya ukungu."

"Mgeni apande ndege, avuke bahari, aje kutazama nyuma ya ukungu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini. Mwaisaka akamgeukia Ipyana. "Mwanangu, humo kwenye mashine yako hakuna Ngosi nyingine?"

"Zipo, tata. Kuna moja nzuri sana, ziwa lote linaonekana, la buluu. Lakini ile ni ya mtu."

"Ya mtu?" akasema Mwaisaka. "Ziwa ni la kwetu tangu babu zetu. Mtu anaweza kupiga picha ziwa letu halafu akatunyima? Iweke hiyo."

Tukasema naam, iwekwe. Sikumbuki mtu aliyesema vingine. Kwetu kitu kilichopigwa picha ndicho chenye mwenyewe. Ukipiga picha ng'ombe wangu, ng'ombe hawi wako. Hivyo ndivyo tulivyofikiri sote, na mimi niliyefagia kwa Sanga sikulikumbuka kopo lake la biskuti.

Picha ikawekwa. Ilikuwa nzuri kweli. Maji ya buluu, kuta za mlima zimesimama kijani, jua limekaa upande wa kushoto. Wageni wakaanza kuja wameshika karatasi waliyochapa, wanafika ukingoni, wanatazama karatasi, wanatazama ukungu. "Hii rangi iko wapi?" anauliza mmoja. Mwaisaka akamjibu bila kupepesa, "Hiyo huwa inatoka kiangazi." Mgeni akauliza kiangazi cha Tukuyu ni mwezi gani. Mwaisaka akasema huo ni mjadala mrefu.

Madai yalikuja kwanza kwa barua pepe. Ipyana aliisoma, akadhani ni matapeli, maana matapeli wa mtandaoni walikuwa wameshaanza, kila siku mjane wa jenerali anakugawia mali. Hata hivyo aliiondoa picha siku ile ile, akaenda Isongole kumwambia mwenyekiti. Mwaisaka akasema barua isiyo na muhuri si barua. Basi wakasubiri, na muhuri ukaja. Bahasha nene kwenye sanduku la posta la kikundi, kutoka kwa wakili wa Dar es Salaam anayemwakilisha mpiga picha wa Ulaya. Barua ilisema picha ni mali yake, imetumika bila ruhusa kwa biashara, kikundi kilipe au kiende mahakamani. Kiasi chenyewe sitakitaja. Kingenunua kikundi kizima pamoja na matope ya njiani.

Mwaisaka akaita kikao. Ipyana hakuingia ndani. Kwa desturi yetu mtu anayezungumziwa kosa lake anakaa nje, wazee wanazungumza. Si dharau, ndivyo tulivyolelewa. Na ipo desturi nyingine. Mtoto wetu akikosa kwa watu, wazee wanatangulia, wanamtaja kwa jina lake na jina la baba yake, wanasema huyu ni wetu, amekosa, sisi tuko mbele yake. Kumtaja ndiko kumfunika. Ukimficha jina maana yake umemtupa, abebe mwenyewe. Mtu aliyekosewa akishasikia jina na kuona wazee, hasira inashuka, wanakaa, wanakunywa, ndipo mnatafuta kosa ni la nani na lina uzito gani.

Mwaisaka akachukua kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wa mizani. Akatusomea. Aliandika kwamba tumepokea barua kwa heshima. Kwamba tumekosa. Kwamba mtoto wetu Ipyana, mwana wa fulani, wa Tukuyu, ndiye aliyechukua picha bila kumwomba mwenyewe, na sisi wazee wake tunasimama mbele yake kuomba radhi. Kwamba tunamkaribisha wakili na mpiga picha waje Isongole tuzungumze, viazi vipo na maziwa yapo. Ilikaa vizuri. Mzee mmoja aliguna kwa kuridhika. Tukatia sahihi wote.

Huko Dar hakuna aliyekaa, hakuna aliyekunywa. Wakili wa watu alisoma maneno yaliyokuwa kwenye karatasi basi. Jibu lilipokuja halikuja kwa kikundi. Lilikuja kwa Ipyana kwa jina lake lote na la baba yake, kama tulivyolipanga sisi, likisema kwa kuwa wenzako wameandika na kutia sahihi kwamba ni wewe uliyechukua, tunakudai wewe binafsi.

Na posta ya mji mdogo mnaijua. Bahasha yenye nembo ya wakili inaonekana na foleni nzima. Kabla Ipyana hajafika dukani kwake, habari ilikuwa imeshafika, imekaa, imevuka miguu. Wengine walisema anadaiwa na Wazungu. Wengine walisema anaiba picha ndani ya mashine. Mama mmoja aliyekuwa amepigwa picha ya paspoti na kuipeleka kwa Ipyana alinijia studio analia, anataka kujua kama uso wake umeshauzwa Ulaya. Nikamwambia mama, uso wako uko hapa, ninauona. Lakini aliyelala na hofu humwamshi kwa maneno. Watu wakaacha kwenda. Wale wa kadi za harusi wakapeleka Mbeya. Nilipita siku moja nikamkuta Ipyana amekaa mbele ya mashine tatu zilizozimwa, anafuta vumbi kwa kitambaa.

"Tata," akaniambia, "deni nitalipa hata kwa kulima. Lakini hili la mwizi nitalilipa kwa nini?"

Nikamwambia avae shati safi, twende Mbeya.

Wakili Subilaga ni mtoto wa kule Suma, niliwahi kumpiga picha ya kipaimara akiwa na viatu vya dada yake. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa. Akasoma barua ya kwanza, akasoma jibu letu, akarudia jibu letu.

"Nani aliandika hii?"

"Mwenyekiti," nikasema.

"Wazee wa kwetu." Akavua miwani. "Huyu alikuwa anamfunika kijana, siyo?"

"Alikuwa anamfunika."

"Amemfunika akabaki miguu nje." Akamgeukia Ipyana. "Nani alikuagiza kuweka ile picha?"

Ipyana akatazama sakafu. "Tulikubaliana kikundi, dada."

"Sikuuliza nani alikubali. Nimeuliza nani aliagiza."

Kijana hakutaka kumtaja mzee. Alikuwa amelelewa vizuri, ndiyo shida yake. Nikajibu mimi, "Mwenyekiti aliagiza. Huyu alisema kabisa kwamba picha ni ya mtu. Mimi nilikuwepo."

Basi sikilizeni aliyotuambia, kwa sababu nyinyi leo mnaokota picha mtandaoni kama mnavyookota parachichi chini ya mti wa jirani. Alisema barua ya namna hii haijibiwi kwa hasira, na haijibiwi kwa heshima. Inajibiwa kwa maswali. Usiitupe, maana kunyamaza nako kunasomwa. Picha iondoe mara moja, lakini kwanza weka nakala ya ukurasa ulivyokuwa, ijulikane ilikaaje na wapi. Usimpigie mtu simu ukaanza kuporomosha maneno. Hakikisha huyo wakili yupo kweli na ametumwa kweli. Kisha uliza, kwa adabu na kwa ufupi: nionyesheni kwamba picha ni yake, na nionyesheni hicho kiasi mmekipataje, yeye kwa kawaida anauza matumizi kama haya kwa bei gani. Na kila barua iseme kwamba tunazungumza bila kukiri. Nikamuuliza, bila kukiri hata kama tumefanya? Akasema, "Mjomba, kufanya ni jambo moja. Nani, kwa agizo la nani, na kwa uzito gani, hayo ndiyo ya kuzungumza. Ukishaandika tumekosa, umewamalizia kazi."

Nilimfikiria baba yangu na maziwa yake. Nilimfikiria pia yule mpiga picha wa Ulaya, na hapo, vijana, moyo wangu uligawanyika. Mimi ninajua kazi ya ile picha. Kupata Ngosi lote bila ukungu, na jua likiwa upande ule, hupati kwa kupanda asubuhi na kushuka mchana. Mtu yule alilala mle msituni, akalowa, akasubiri. Mwenzangu yule. Na sisi tuliiokota kazi yake tukasema ziwa ni letu.

Subilaga aliandika. Wakajibu, na safari hii walileta ushahidi: nakala ya filamu nzima, picha zilizotangulia na zilizofuata. Alinipa niitazame, maana alisema wewe ndiye fundi. Nikazipeleka dirishani. Ukungu. Ukungu. Ukungu na kona ya mti. Ukungu. Halafu ile ya buluu, peke yake. Halafu ukungu tena. Blanketi zake zilikuwa kama zangu, hazikupishana hata kidogo. Nikamrudishia Subilaga nikasema ni yake, huyu mtu msimbishie.

Hapo mambo yakawa mepesi. Walikubali kikundi kilipe bei ya kawaida ya kutumia picha na yaishe. Lakini ili madai yatoke kwa Ipyana, ilitakiwa barua kutoka kwa mwenyekiti. Subilaga aliiandaa, yenye sentensi mbili za maana: kwamba tovuti ni ya kikundi, na kwamba Ipyana aliweka picha kwa agizo la mwenyekiti baada ya kusema kwamba ni ya mtu. Mimi na Ipyana tukaipeleka Isongole. Mwaisaka alikuwa shambani anafukua viazi. Akafuta mikono, akaisoma akiwa amesimama.

"Hii ya kwanza nasaini," akasema. "Hii ya pili siiwezi."

"Si kweli?" nikamuuliza.

"Fundi, sijasema si kweli. Nimesema siiwezi. Nilishaandika kwa mkono wangu kwamba mtoto amekosa, wazee wakatia sahihi. Leo niandike kwa mkono ule ule kwamba aliyekosa ni mimi? Watasema Mwaisaka ana vinywa viwili. Kikundi hiki kimesimama juu ya neno langu."

Ipyana alikuwa amesimama kati ya matuta. "Tata, na mimi nimesimama juu ya nini?"

"Wewe ni kijana. Jina la kijana linaota tena, kama mgomba."

Akaikata sentensi ya pili kwa mstari mmoja, akasaini. Subilaga alipoiona alisema kwa mdai inatosha. "Kwa Ipyana," akasema, "sijui." Ikapelekwa. Kikundi kikalipa kutoka kwenye fungu la wageni, barua ya kufunga madai ikaja, na kwenye tovuti ikawekwa picha yangu ya blanketi. Wageni hawakupungua. Wapo waliosema wamekuja hasa kwa ajili ya ukungu. Binadamu humjui.

Mwaisaka akasema sasa tule pamoja, tulifunge jambo. Naye hakuwa mtu mbaya, msije mkamwona hivyo. Alichinja. Mkewe akapika mbalaga, zile ndizi zetu na nyama, sufuria iliyohitaji watu wawili kuiinua. Kikundi kizima kilikuja, na majirani, na Ipyana alikuja, amevaa lile shati la Mbeya. Akakalishwa karibu na mwenyekiti, pahali pa heshima. Maji ya kunawa yakaanzia kwake.

Alinawa. Kisha akasema, "Tata, naomba neno moja kabla ya kula."

"Sema, mwanangu."

"Siku ile tulipochagua picha, humu humu ndani, nilisema ile ni ya mtu. Naomba useme mbele ya hawa kwamba nilisema, na wewe ukaniagiza. Karatasi nimeiacha. Sitaki karatasi. Useme tu kwa mdomo."

Watu wakatazama sufuria. Mwaisaka akashusha pumzi.

"Mwanangu, mambo yale yameisha. Yamezikwa."

"Yamezikwa pamoja na jina langu, tata."

"Nilikutaja nikufunike."

"Ninajua. Hukunionea. Nataka tu useme."

Nikaona hapa pananihusu. "Mwenyekiti," nikasema, "ni neno moja, na sote tulilisikia."

"Fundi, wewe piga picha," akanijibu, na wapo waliocheka kidogo, kwa hofu. Akamsogezea Ipyana sinia. "Kula kwanza, baba. Maneno huwa yanakuja na shibe."

Ipyana alilitazama lile sinia. Mikono yake ilikuwa bado imelowa, akaifuta kwenye suruali, upande huu na upande huu, polepole. "Ndaga, tata," akasema, asante kama tunavyosema kwetu, na akainama kwa mwenyekiti, akainama kwa mama mwenye nyumba. Akatoka.

Tulidhani amekwenda haja. Mwaisaka mwenyewe akachagua nyama nzuri, ya mfupa, akaiweka na ndizi kwenye sahani, akaifunika kwa jani la mgomba isipoe, akasema hiyo ni ya kijana, asiiguse mtu. Tukala. Mtu mmoja aliyechelewa kuja akasema amepishana naye huko barabarani, anapanda lori la viazi, juu kabisa kwenye magunia, na alipomwita aliinua mkono. Tukasema labda amekumbuka jambo dukani.

Mashine zake baadaye alikuja kuzichukua mjomba wake, naye hakutuambia kijana amekwenda wapi. Lakini siku ile tulikuwa hatujui kwamba harudi. Tulikaa pale mpaka mazungumzo yakaisha, watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, na mke wa Mwaisaka akaja kukusanya vyombo. Akaiinua ile sahani iliyofunikwa.

"Na hii ni ya nani?" akauliza.

Mwaisaka akasema, "Iache hapo."